Kuotesha Uvimbe Maabarani ili Kumchagulia Mgonjwa Dawa

1. Utangulizi

Saratani, ambayo wengi huiita kansa, si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la magonjwa mengi yenye tabia moja ya pamoja: seli za mwili huacha kutii amri za kawaida za kugawanyika na kufa, huendelea kuongezeka bila mpaka, na hatimaye huhamia sehemu nyingine za mwili. Wagonjwa wawili waweza kuwa na saratani ya utumbo mpana katika hatua ile ile, na seli zao zikitazamwa kwa darubini zikafanana kabisa. Hata hivyo dawa moja ikaupunguza uvimbe wa yule wa kwanza, na isimsaidie wa pili hata kidogo. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba mabadiliko ya jeni yaliyouzaa uvimbe wa kwanza siyo yale yaliyouzaa wa pili.

Daktari afanyeje? Kwa kawaida huanza na dawa ambayo, katika majaribio yaliyofanyiwa wagonjwa wengi, ilionekana kuwasaidia walio wengi zaidi. Njia hii ni ya busara, na imeokoa maisha ya watu wengi. Lakini ni njia ya wastani, na mgonjwa mmoja si wastani. Akipewa dawa isiyomfaa hupata hasara tatu kwa pamoja. Kwanza, hupata madhara ya dawa bila kupata faida yake: kutapika, kupungukiwa na damu, na kudhoofika kwa kinga ya mwili. Pili, fedha nyingi hutumika bure. Tatu, na hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, wiki au miezi hupita huku uvimbe ukiendelea kukua.

Makala haya yanaeleza juhudi moja ya kupunguza hasara hizo, nayo ni kuchukua kipande kidogo cha uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, kukiotesha maabarani, na kuzijaribu dawa juu yake kabla ya kuzijaribu juu ya mgonjwa. Tutaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kisha tutapima ni kwa kiasi gani majibu yake yanaweza kuaminiwa. Mwalimu wa biolojia atakuta humu mambo anayoyafundisha kila mwaka kuhusu seli, jeni na vimeng'enya. Na mwalimu wa hisabati atakuta zoezi la hesabu za uwezekano.

2. Somo la bakteria

Wazo lenyewe si geni. Katika hospitali nyingi, mgonjwa mwenye usaha au maambukizo ya njia ya mkojo huchukuliwa kipimo, nacho hupakwa juu ya sahani yenye agari. Juu ya agari hupangwa vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa katika viuavijasumu mbalimbali. Baada ya siku moja au mbili bakteria huwa wameota sahani nzima, isipokuwa kandokando ya zile karatasi ambazo dawa yake inawaua. Duara tupu lililozunguka karatasi ndilo jibu.

Kwa nini basi saratani haikupimwa hivyo tangu zamani? Zipo sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba bakteria ni kiumbe kamili kinachojitegemea, hali seli ya saratani ni mtoto wa mwili: imezoea kushikamana na jirani zake na kupokea kutoka kwao ishara za kikemikali. Ikitengwa, mara nyingi hufa. Ya pili ni muda. Bakteria wengi wakipata joto na lishe ya kutosha waweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 au 30. Seli ya saratani ya binadamu huchukua siku moja au zaidi. Ya tatu ni kwamba kipande cha uvimbe kina mchanganyiko wa seli za saratani na seli zisizo za saratani, na hizi za pili zaweza kuota haraka zaidi na kuijaza sahani. Mchunguzi asipoangalia atazipima seli nzima akidhani anazipima seli gonjwa.

3. Hatua zilizotangulia

Mwaka 1907 mwanasayansi Ross Harrison wa Marekani alionyesha kwamba nyuzi za neva za kiinitete cha chura zaweza kuendelea kukua nje ya mwili, ndani ya tone la limfu. Huo ndio mwanzo wa elimu ya kukuza tishu maabarani.

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mwanamke aliyeitwa Henrietta Lacks alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Seli za uvimbe wake zilipelekwa katika maabara ya George Gey, na zikaendelea kugawanyika bila kukoma. Mama huyo alifariki mwaka ule ule. Seli zake, ziitwazo HeLa, zinaishi mpaka leo katika maabara za dunia nzima. Lakini seli zilizogawanyika kwa miaka mingi hivyo, zikiwa zimetandazwa juu ya plastiki kama rangi juu ya ukuta, zimebadilika sana. Zinafaa kwa utafiti wa mambo ya jumla, wala haziwezi kumwakilisha mgonjwa fulani aliyelazwa leo.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, kwa Anthony Epstein na wenzake. Mwezi wa Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimojawapo ililazimika kutua Manchester kwa sababu ya ukungu. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu angeweza kudhani kwamba yameingiliwa na bakteria. Yalipotazamwa kwa darubini, ilionekana kwamba uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe, zilizojitenga na kuelea. Seli hizo zilioteshwa, na mwaka 1964 virusi ambavyo sasa huitwa virusi vya Epstein na Barr vilionekana ndani ya seli za uvimbe huo. Hivyo seli kutoka Uganda zilisaidia kuonyesha kwamba saratani ya binadamu ikioteshwa nje ya mwili yaweza kufichua siri zake.

Mwaka 1977, Anne Hamburger na Sydney Salmon wa Chuo Kikuu cha Arizona walieleza njia ya kuotesha seli za uvimbe wa wagonjwa ndani ya agari laini. Matumaini yalikuwa makubwa kwamba kila mgonjwa angepimiwa dawa yake kama ipimwavyo ya bakteria. Lakini vivimbe vingi havikuota, na vilivyoota vilitoa seli chache mno. Mwaka 2004 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, baada ya kuyapima matokeo ya vipimo vya namna hii, kilishauri visitumiwe kumchagulia mgonjwa dawa ila katika majaribio ya utafiti.

4. Oganoidi ni nini?

Mlango ulifunguliwa na uchunguzi wa utumbo mzima, si wa saratani. Ngozi ya ndani ya utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Kazi hiyo hufanywa na seli shina, yaani seli mama zinazokaa chini ya vishimo vidogo vya utumbo na kuzaa seli nyingine zote. Mwaka 2009, katika taasisi ya Hubrecht mjini Utrecht, Uholanzi, Toshiro Sato, Hans Clevers na wenzao walionyesha kwamba seli shina moja tu ya utumbo wa panya, ikipewa mahali panapoifaa na ishara zinazoifaa, yaweza kujenga maabarani utumbo mdogo mno wenye vishimo vyake na aina zake zote za seli. Mwaka 2011 walifaulu kufanya vivyo hivyo kwa utumbo wa binadamu, na kwa saratani yake pia. Kijiungo hicho cha maabara huitwa oganoidi.

Oganoidi ya saratani huoteshwa hivi. Kipande cha uvimbe chenye ukubwa wa milimita chache huchukuliwa kwa sindano au wakati wa upasuaji, na hupelekwa maabarani kikiwa baridi. Hukatwakatwa, kisha hutiwa vimeng'enya vinavyoyeyusha protini zinazoziunganisha seli. Seli zilizoachana huchanganywa na jeli ya protini ambayo kwa kawaida hutolewa katika uvimbe wa panya wa maabara. Jeli hii ina tabia ya ajabu: katika baridi ya nyuzi 4 za sentigredi ni kioevu, na katika joto la nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili, huganda. Kwa hiyo mchanganyiko huo hudondoshwa baridi katika vishimo vya sahani ya plastiki, na ukipata joto huwa tone lililoganda, na ndani yake seli zimeshikiliwa pande zote kama zilivyokuwa mwilini. Juu yake humwagwa kioevu chenye sukari, chumvi, asidi za amino na protini za ishara. Baada ya siku kadhaa vidonge vya mviringo huanza kuonekana kwa darubini, na katika muda wa wiki chache waweza kupatikana wa kutosha kwa majaribio. Vinavyobaki hugandishwa ndani ya naitrojeni ya kioevu, kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na vyaweza kuamshwa tena baada ya miaka.

Je, mchunguzi hujuaje kwamba ameotesha saratani na si utumbo mzima? Seli nzima za utumbo mpana haziwezi kuendelea kuota bila ishara inayoitwa Wnt. Lakini saratani nyingi za utumbo mpana zimeharibika jeni iitwayo APC, ambayo kazi yake ni kama breki ya ishara hiyo. Breki ikikatika, ishara huwaka ndani ya seli wakati wote, hata kama hakuna aliyeituma. Hivyo mchunguzi huiondoa Wnt katika kioevu: seli nzima hukoma kuota, na za saratani huendelea. Kasoro ile ile iliyouleta ugonjwa ndiyo inayotumiwa kuutambua. Baadaye jeni za oganoidi hulinganishwa na jeni za uvimbe wenyewe ili kuthibitisha.

5. Dawa hupimwaje?

Oganoidi hugawanywa katika vishimo vingi, mara nyingi 96 au 384 katika sahani moja. Kila dawa hutiwa kwa vipimo vinavyozidiana, kutoka kidogo sana hadi kingi, na vishimo vingine huachwa bila dawa ili viwe vya kulinganishia. Baada ya siku tano au sita huulizwa swali moja: katika kila kishimo, seli ngapi zingali hai?

Kuzihesabu moja moja haiwezekani, basi hupimwa ATP, ile kemikali inayobeba nishati katika kila seli hai. Seli ikifa, ATP yake hutoweka upesi. Katika vishimo hutiwa lusiferini pamoja na kimeng'enya lusiferasi, ambacho asili yake ni kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku. Kimeng'enya hiki hutumia ATP kutoa mwanga. Kishimo chenye seli hai nyingi hung'aa zaidi. Chenye maiti hubaki gizani. Mwanga hupimwa kwa mashine, na grafu huchorwa: kipimo cha dawa katika mhimili wa mlalo, na asilimia ya seli zilizosalia katika mhimili wa wima. Dawa inayoua kwa kipimo kidogo huiangusha grafu mapema.

6. Majibu yaaminiwe kiasi gani?

Mwaka 2018 watafiti wa London walichapisha matokeo ya oganoidi kutoka kwa wagonjwa wenye saratani za tumbo na utumbo zilizokwisha kuenea. Walilinganisha majibu ya sahani na yaliyompata mgonjwa. Sahani iliposema "hapana, dawa haitafaa", ilisema kweli kwa asilimia 100; iliposema "ndiyo", ilisema kweli kwa asilimia 88.

Ili tuelewe tarakimu hizo, na tuchukue mfano wa darasani wa milinganisho 21. Tuseme sahani imesema "ndiyo" mara 8 na "hapana" mara 13. Katika zile "ndiyo" 8, wagonjwa 7 walipata nafuu: 7 kwa 8 ni kama asilimia 88. Katika zile "hapana" 13, hakuna hata mmoja aliyepata nafuu: 13 kwa 13 ni asilimia 100. Lakini mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba "hapana" haikosei kamwe. Tuseme kwa kweli hukosea mara 1 katika kila 5. Uwezekano wa kupata majibu 13 mfululizo bila kosa ungekuwa 0.8 kwa kipeo cha 13, yaani kama 0.055. Jambo linaloweza kutokea kwa bahati tu mara 5 au 6 katika kila 100 si la kupuuzwa. Asilimia 100 inayotokana na idadi ndogo si sawa na asilimia 100 inayotokana na maelfu.

Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi walichapisha uchunguzi mwingine. Kwa wagonjwa waliotibiwa kwa dawa iitwayo irinotekani, oganoidi zilitabiri sawasawa kwa zaidi ya asilimia 80, na hazikumwekea alama ya "hapana" mgonjwa yeyote ambaye dawa ingemfaa. Lakini kwa mchanganyiko wa fluorourasili na oksaliplatini, oganoidi zilishindwa kutofautisha waliofaidika na wasiofaidika. Maabara moja, ugonjwa mmoja, dawa mbalimbali, na majibu tofauti.

Kisha mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio gumu zaidi, ambalo ndani yake jibu la sahani lilitumika kuchagua dawa. Kati ya wagonjwa 54 waliostahili, oganoidi ziliota kwa 31 tu. Za wagonjwa 25 zilipimwa dawa, na kwa 19 palionekana angalau dawa moja iliyoziua. Hatimaye wagonjwa 6 walitibiwa kwa dawa zilizochaguliwa na sahani, ambazo ni za aina inayozuia ishara za ukuaji ndani ya seli. Hakuna hata mmoja kati ya hao 6 ambaye uvimbe wake ulisinyaa kwa kiwango kinachokubaliwa na madaktari.

7. Mambo yasiyokuwamo katika sahani

Kwa nini "ndiyo" ya sahani ni dhaifu kuliko "hapana" yake? Mantiki ni hii. Katika sahani seli huogeshwa katika dawa kwa siku nyingi, bila kizuizi. Ikiwa dawa haiziui hata katika hali hiyo, si rahisi kuziua mwilini, ambako lazima ipite katika damu, ichujwe na figo, na kupenya uvimbe ambao mishipa yake ni michache na mibovu. Kwa upande mwingine, kuua katika sahani ni kushinda kikwazo cha kwanza tu. Vingine vingi vinangoja.

Hata hivyo kanuni hii ina mipaka. Dawa iitwayo siklofosfamidi, ambayo kwa miaka mingi imetumika kutibu uvimbe wa Burkitt, humezwa au kudungwa ikiwa bado haina makali. Ini ndilo linaloigeuza kuwa sumu ya saratani. Sahani haina ini. Mtafiti asiyejua hilo ataitia dawa kama ilivyo, aone seli hazifi, na aandike "hapana" ya uongo. Vivyo hivyo dawa zinazofanya kazi kwa kuamsha seli za kinga haziwezi kupimwa mahali pasipo na seli hizo. Mwaka 2018 watafiti wa Amsterdam walionyesha kwamba oganoidi zaweza kulelewa pamoja na seli za kinga zilizotolewa katika damu ya mgonjwa yule yule. Hiyo ni hatua njema, ingawa bado ni kazi ya utafiti.

Tena uvimbe si kitu kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Kipande cha milimita chache kutoka katika ini chaweza kuwa tofauti na uvimbe ulioko katika pafu la mtu huyo huyo. Na muda nao haungoji: wiki sita si kitu kwa mtafiti, lakini kwa mgonjwa aliyezidiwa zaweza kuwa ndizo zote alizonazo.

8. Haki ya mwenye seli

Seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Mwaka 2023, miaka 72 baadaye, warithi wake walifikia mapatano na kampuni moja iliyouza bidhaa zilizotokana na seli hizo. Oganoidi nazo huishi kuliko mwenye nazo, na ndani yake zimo jeni zake zote. Basi yafaa mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa ni nini kitachukuliwa, kitatunzwa wapi, na nani atafaidika; naye awe na uhuru wa kukataa bila kunyimwa matibabu.

Jambo hili linatuhusu sana. Hazina nyingi za oganoidi zilizopo sasa zimetokana na wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki. Saratani zinazotusumbua sisi, kama ya mlango wa kizazi, na ya umio inayoonekana kwa wingi katika sehemu kadhaa za Afrika ya Mashariki, hazina budi kuchunguzwa kwa seli za watu wetu. Kazi hiyo yahitaji umeme usiokatika, naitrojeni ya kioevu, na kemikali za ghali. Lakini yahitaji kwanza vijana waliofundishwa kukuza seli kwa usafi na kusoma grafu kwa uaminifu. Msingi wa mafunzo hayo huwekwa katika shule za sekondari.

9. Hitimisho

Oganoidi ni kipimo, si tiba. Mpaka sasa thamani yake kubwa kwa mgonjwa mmoja mmoja yaelekea kuwa katika kumwepusha na dawa isiyomfaa, na hata hilo ni kwa baadhi ya dawa tu. Mtu akija kwa mwalimu na kumwuliza kama ni kweli kwamba maabara yaweza kumwonyesha mgonjwa dawa itakayomponya, jibu la haki ni kwamba maabara yaweza kusema jambo kuhusu seli zilizomo katika sahani; mgonjwa ni zaidi ya seli hizo.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza sababu tatu zinazofanya upimaji wa dawa za saratani maabarani uwe mgumu kuliko upimaji wa viuavijasumu.

2. Mchunguzi ameondoa ishara ya Wnt katika kioevu, na oganoidi zote zimekufa. Taja maelezo mawili yanayowezekana.

3. Katika vishimo visivyo na dawa mwanga ulikuwa vipimo 8,000. Katika vishimo vyenye dawa ulikuwa 2,000. Ni asilimia ngapi ya seli zimesalia? Je, jibu hilo peke yake latosha kumshauri daktari? Toa sababu.

4. Katika jaribio la mwaka 2021, tafuta asilimia ya wagonjwa waliostahili ambao oganoidi zao ziliota, na asilimia ya waliofikia kutibiwa. Eleza tofauti hiyo inamfundisha nini mtu anayepanga huduma ya namna hii katika hospitali.